OLEANDA: KUIZIDISHA KWA VIPANDE NA KUIFURAHIA BILA HASARA



Mtu akiisha kupalilia mihogo yake na kuweka mtama ghalani, hutamani pia kuona kitu cha kupendeza mbele ya mlango wake anapopumzika jioni. Tamaa hiyo si upuuzi. Nyumba yenye maua humfurahisha mwenyewe, humkaribisha mgeni, na watoto waliolelewa humo hujifunza kutunza kitu hata kama hakiliwi.

Katika miti ya maua, michache humfaa mtu mwenye kazi nyingi kama oleanda. Ikiisha kushika ardhi haitaki kumwagiliwa kila siku. Hustahimili jua kali, udongo hafifu, na upepo wa bahari wenye chumvi ambao huunguza maua mengine. Wala haina gharama, maana tawi moja ulilopewa na jirani laweza kukupa miche kadha wa kadha.

Lakini oleanda ni mti wa sumu. Kwa hiyo somo hili lina sehemu mbili zisizotengana. Kuiotesha ni kazi rahisi, hata mwanagenzi huiweza. Kazi ya mtu mzima ni kuchagua mahali pa kuipanda, na kujua kila kipande kilichokatwa kimekwenda wapi. Asiyekuwa tayari kwa kazi hii ya pili, yafaa apande ua jingine.

1. MTI WENYEWE

Oleanda ni kichaka kisichopukutisha majani. Usipoikata hufika urefu wa futi 6 hata 20. Majani yake ni membamba na magumu, yamechongoka kama mkuki, yana mshipa mweupe katikati, na mara nyingi hutoka matatu matatu katika kila kifundo cha tawi. Maua hukaa mafungu mafungu kwenye ncha za matawi: meupe, ya rangi ya waridi, mekundu, na mengine ya manjano hafifu. Yako yenye petali tano tu, na yako yenye petali nyingi zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Baada ya maua huja maganda marefu membamba. Yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye manyoya, zikachukuliwa na upepo.

Asili yake ni nchi zilizo kando ya bahari ya Mediterania na kuendelea mashariki hata Asia ya kusini. Waarabu huiita difla. Huko Oman huota yenyewe katika mabonde ya mito ya msimu, kati ya kokoto, mahali ambapo maji hupita siku chache tu, kisha hubaki jua na mawe. Ukiyajua makao yake ya asili utazielewa tabia zake: hupenda jua, hupenda maji yanayopita, na haipendi kukaa katika tope lililotuama. Jina la kitaalamu ni Nerium oleander, nalo liliandikwa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753.

Usiichanganye na mti mwingine uitwao oleanda ya manjano, uliotoka Amerika, ambao maua yake yana umbo la kengele na majani yake hutoka moja moja. Huo nao ni wa sumu, hasa kokwa yake, na tahadhari zote za somo hili zauhusu pia.

2. SUMU YAKE

Wazee wetu waliujua msunguti, mti ambao wawindaji walipika sumu yake na kuipaka mishale. Oleanda ni wa ukoo mmoja na msunguti, na sumu yake ni ya jinsi ile ile: huushika moyo, ukapiga pasipo utaratibu, hata ukasimama. Sumu imo katika majani, maua, gamba, mizizi, mbegu na utomvu. Majani 10 hata 20 yaweza kumwua ng'ombe mzima. Kondoo na mbuzi huhitaji machache kuliko hayo.

Sasa sikiliza neno ambalo wengi hawalijui. Majani mabichi mtini ni machungu, na mnyama aliyeshiba kwa kawaida huyaacha. Lakini tawi likiisha kukatwa na kunyauka, uchungu hupungua, wala sumu haipungui vya kutosha kumwokoa mnyama. Kwa hiyo matawi yaliyotupwa ni hatari kuliko mti uliosimama.

Nalijifunza jambo hili kwa aibu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, naliwaamuru vijana wapunguze wigo wa oleanda katika kituo kimoja, na matawi wayatupe nyuma, njiani. Kazi ilikuwa nzuri, nikaisifu. Siku ya tatu mbuzi wa mama mmoja mjane wakapita hapo wakirudi malishoni. Watatu walikufa kabla ya jua kuchwa, na wa nne usiku. Mbuzi wake walikuwa watano. Nalimlipa kwa mshahara wangu kidogo kidogo, hata deni likaisha. Siku ya malipo ya mwisho akaniuliza, "Bwana Shamba, wewe ulijua?" Nikajibu kwamba jina la mti nalilijua, bali tabia yake sikuiuliza. Akasema, "Basi sasa wajua. Waambie na wengine." Ndiyo sababu ya kuandika haya.

3. KUCHAGUA MAHALI

Chagua mahali kabla ya kukata hata kijiti kimoja. Mahali pema ni penye jua siku nzima, pasipotuama maji, na ndani ya boma ambamo mifugo haiingii.

Usiipande mahali hapa:

(a) Karibu na zizi, banda la mbuzi, au njia ya mifugo.
(b) Juu ya kisima, birika au kijito cha maji ya kunywa, maana majani huanguka majini.
(c) Karibu na jiko, au karibu na bustani ya mboga.
(d) Mahali wachezapo watoto wadogo wanaotia kila kitu kinywani.

Watu wengine husema, "Nitafanya wigo wa oleanda kuzunguka malisho, maana ng'ombe hawaili." Usithubutu. Mwaka wa ukame, nyasi zikiisha, mnyama mwenye njaa hula hata kilicho kichungu.

4. KWA NINI VIPANDE, SI MBEGU

Mbegu za oleanda huota, lakini mche wa mbegu haufuati mama yake daima. Mbegu ya ua jekundu yaweza kukupa ua la rangi nyingine, nawe utangoja muda mrefu kabla ya kujua. Kipande cha tawi ni mti ule ule: rangi ile ile, harufu ile ile. Nanyi mnaijua kanuni hii tayari, maana ndivyo mfanyavyo kwa mihogo.

Nguvu ya njia hii yaonekana katika habari za mji wa Galveston, ulio kisiwani katika Texas, Marekani. Mwaka 1841 mfanyabiashara Joseph Osterman alirudi kutoka Jamaica na oleanda chache zilizopandwa katika mapipa, akampa mkewe na shemejiye. Zikashika vizuri, na watu wakapeana vipande, jirani kwa jirani. Septemba 1900 tufani kubwa iliuharibu mji ule na maji ya bahari yakaufunika. Ardhi ilipoinuliwa na mji kujengwa upya, wanawake wa mji walipanda tena oleanda kwa wingi, kwa kuwa hustahimili chumvi na upepo. Mji ukapata sifa kwa ua hilo, na mwanzo wake ulikuwa mapipa machache tu.

5. KUCHAGUA TAWI NA KUKATA

Wakati mzuri ni miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, ili miche iwe tayari mvua ianzapo. Mwenye kungoja masika ya Machi na akate Desemba au mapema Januari. Mwenye kungoja vuli ya Oktoba na akate Julai au Agosti.

Chagua mti wenye afya ambao umekwisha kuyaona maua yake. Usichukue ncha changa iliyo laini, maana huoza. Wala tawi zee lenye gamba la kijivu, maana hukawia kutoa mizizi. Litafute tawi lililo katikati ya hayo mawili: lenye unene wa kalamu, linalopindika kidogo bila kuvunjika. Kisha fanya hivi:

(a) Vaa glavu, au jifunge kitambaa mikononi. Utomvu huwasha ngozi ya watu wengine, na ukiingia jichoni huumiza.
(b) Tumia kisu kikali kilichooshwa. Kisu butu huponda gamba, na palipopondwa huoza.
(c) Kata kipande cha inchi 6 hata 8, ukikata chini kidogo tu ya kifundo.
(d) Ondoa majani yote ya nusu ya chini. Yaache manne au sita ya juu, na yakiwa marefu yakate katikati, ili yasinywe maji mengi kabla ya mizizi kuja.
(e) Kama ncha ina maua au vichipukizi vya maua, viondoe. Kipande hakiwezi kulea maua na mizizi kwa wakati mmoja.
(f) Majani na mabaki yote yatie katika ndoo au gunia moja. Yasianguke chini.

Hesabu vipande ulivyokata, uandike au ukumbuke. Ikiwa ni 12, lazima 12 vionekane kitaluni. Kisha osha kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kinywa au mtoto.

6. KUOTESHA MCHANGANI

Hii ndiyo njia niipendayo, maana mizizi hutoka yenye nguvu. Chukua debe kuukuu au sanduku, utoboe matundu chini. Tia kokoto kidogo, kisha mchanganyo wa sehemu mbili za mchanga wa mto na sehemu moja ya udongo mwepesi. Usitumie mchanga wa pwani usiooshwa, wala usitie samadi. Kipande kisicho na mizizi hakihitaji samadi, nayo huleta uozo.

Toboa tundu kwa kijiti, ukitie kipande kina cha inchi 3 hivi, vifundo viwili viwe chini ya mchanga. Shindilia kwa vidole, kisha nyunyiza maji. Nafasi kati ya kipande na kipande iwe inchi 3 au 4. Weka debe kivulini penye mwanga, mahali pa juu ambapo mbuzi na watoto hawafiki. Mwagilia kidogo kila mchanga unapoanza kukauka. Uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, usiwe matope.

Baada ya majuma manne hata sita, vuta kipande polepole kwa vidole viwili. Kikikaza, kina mizizi. Kikija, kirudishe ungoje. Kilichogeuka cheusi chini kimekufa. Kihesabu, ukitie pamoja na mabaki.

7. KUOTESHA KATIKA MAJI

Njia hii ni nyepesi, na watoto wakubwa hufurahi kuitazama mizizi myeupe ikitoka. Tia vipande katika chupa yenye maji inchi 3, majani yasizame, ukaiweke penye mwanga pasipo jua kali. Badili maji kila siku ya pili au ya tatu. Mizizi huonekana baada ya majuma mawili hata manne. Ikifika inchi moja au zaidi kidogo, pandikiza katika udongo. Usingoje iwe mirefu, maana mizizi ya maji huvunjika upesi.

Lakini sikiliza: maji yale ni sumu. Mtoto mwenye kiu huiona chupa tu, wala hajui kilichomo. Kwa hiyo usitumie chupa, kikombe wala kibuyu cha kunywea. Kifunge kitambaa chekundu shingoni, uwaeleze watu wote wa nyumba maana yake, na kiweke juu asipofika mtoto. Maji unayobadili yamwage shimoni, si uani ambapo kuku hunywa. Kazi ikiisha, chombo kile kisirudi jikoni kamwe. Kama nyumba yako ina watoto wadogo wengi, iache njia hii, utumie mchanga.

8. KUPANDA MAHALI PA KUDUMU

Miche ikiisha kutoa mizizi, ihamishie katika makopo yenye udongo mzuri, ukaizoeze jua kidogo kidogo kwa majuma matatu au manne. Mvua zikiisha kushika, chimba shimo la futi 2 kila upande na kina cha futi 2. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, karai moja yatosha. Panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho koponi, shindilia, mwagilia.

Miti ya kusimama peke yake na iachane futi 8. Kwa wigo wa kukinga upepo, futi 5 zatosha. Mwaka wa kwanza mwagilia mara moja au mbili kwa juma wakati wa kiangazi. Baadaye mti hujitegemea, ila ukiupa maji mengi mara moja moja utachanua zaidi. Mara nyingi maua ya kwanza huja mwaka wa pili. Pengine mapema zaidi. Hapo utakaa kizingitini jioni ukaona malipo ya kazi yako.

9. KUPUNGUZA MATAWI NA KUTUNZA MABAKI

Maua hutoka kwenye ncha za matawi mapya. Kwa hiyo punguza matawi mara baada ya msimu mkubwa wa maua, ili machipukizi yapate muda wa kukomaa. Kata juu kidogo ya kifundo. Hapo mara nyingi hutoka machipukizi mawili au matatu badala ya moja, na ndivyo kichaka kinavyonenepa na kuzidisha maua.

Kabla ya kukata, chimba shimo ndani ya boma, mbali na kisima, kina cha futi 3 au zaidi. Mabaki yote yatie humo siku ile ile na kuyafukia. Usiseme, "Nitayaondoa kesho." Tena:

Usiyachome jikoni wala karibu na watu. Moshi wake hudhuru.
Usiyatandike bandani, wala usiyafunike juu ya matuta ya mboga.
Usiyatie katika lundo la samadi.
Usichonge kijiti chake kuwa mswaki, mwiko, wala kijiti cha kuchomea nyama.
Usiyafanye dawa ya kunywa, hata ukiambiwa na nani.

10. WADUDU NA UGONJWA

Adui mkubwa ni vidukari, wadudu wadogo wa rangi ya manjano wenye miguu myeusi, ambao hujazana kwenye machipukizi na kufyonza utomvu. Sumu ya mti haiwadhuru. Waoshe kwa maji ya sabuni jioni, urudie baada ya siku chache. Ukiona sisimizi wengi wakipanda mtini, tazama juu. Huenda wanafuata majimaji matamu ya vidukari.

Ukiona vinundu vyenye kukwaruza kama vidonda juu ya matawi au maua, huo ni ugonjwa wa bakteria. Kata tawi inchi kadhaa chini ya kinundu wakati wa ukavu, ukifukie, na kila baada ya mkato pitisha kisu motoni au katika spiriti. Usichukue vipande vya kuotesha katika mti huo, maana utagawa ugonjwa pamoja na zawadi.

11. AKILA MTU AU MNYAMA

Mtu aliyekula oleanda hutapika, huumwa tumbo, huhara, huona kizunguzungu, na moyo hupiga ovyo. Usingoje dalili zote. Mpeleke hospitali mara moja, ukachukue na tawi la mti ule katika mfuko ili mganga aujue. Usimtapishe, wala usikawie nyumbani ukijaribu dawa za kienyeji au maziwa. Kila saa ina thamani.

Mnyama hutokwa na mate, huumwa tumbo, huhara, hulegea, na pengine huanguka ghafula. Mwondoe mahali palipo na majani, mwache atulie asikimbizwe, uite mganga wa mifugo. Akifa, nyama yake isiliwe wala wasipewe mbwa. Mfukie chini sana.

12. MASWALI YA KUSOMA PAMOJA NYUMBANI

Wasomee haya watu wote wa nyumba, hasa mtoto achungaye mbuzi, kabla ya kupanda:

(1) Kwa nini tawi lililokatwa ni hatari kuliko mti uliosimama?
(2) Ni mahali gani katika boma letu pasipofikiwa na mifugo, wala hapana kisima?
(3) Tawi la kuotesha liwe la namna gani, na likatwe wapi?
(4) Kitambaa chekundu shingoni mwa chupa kina maana gani?
(5) Tumekata vipande vingapi, na sasa viko wapi?

Nyumba iwezayo kujibu maswali haya matano yaweza kupanda oleanda na kuifurahia miaka mingi. Na jirani akija kukuomba kijiti, usimpe kijiti peke yake. Mpe na somo hili.